Istilahi za Maumbo: Jina na Hesabu Yake

Tangu 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya, vitabu vya msamiati vimezoea kuwapa wanafunzi orodha ya maumbo: mraba, mstatili, pembetatu, duara, msambamba. Mwanafunzi huyatambua katika michoro na kuyataja bila kusita. Hata hivyo, akitakiwa kutafuta eneo la umbo lolote kati ya hayo, hulitafuta kwa Kiingereza, katika kipindi kingine. Hoja yetu ni kwamba istilahi iliyokaririwa hivyo haijapimwa bado. Kipimo chake ni hesabu.

Tuchukue, mathalani, pembetatu yenye kitako cha sentimita 6 na pande mbili za sentimita 5 kila mmoja. Kanuni yasema: eneo ni nusu ya kitako mara kimo. Tukiandika “urefu” mahali pa “kimo”, mwanafunzi ana haki ya kuuchukua upande wa mshazari, kwani nao una urefu wake, naye atapata sentimita 15 za mraba. Lakini kimo cha mtu hupimwa wima, toka wayo hadi utosi. Neno hilo lamwelekeza kwenye mstari wima wa sentimita 4, na jawabu lililo sahihi ni 12. Kwa upande mwingine, “kitako” laweza kupotosha, kwa kuwa lafikirisha upande wa chini peke yake, ilhali upande wowote wa pembetatu waweza kuwa kitako, mradi kimo kipimwe kutoka upande huo.

Neno “mraba” nalo lina kazi mbili. “Mita 4 za mraba” ni eneo. “Mraba wa mita 4” ni umbo ambalo kila upande wake ni mita 4, na eneo lake ni mita 16 za mraba. Tofauti hiyo yote imebebwa na mpangilio wa maneno na upatanisho wa kisarufi. Hii si kasoro ya lugha. Ni jambo la kufundishwa, na orodha haiwezi kulifundisha.

Katika Tanzania Bara, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, maneno kama kitako, kimo na nusukipenyo yamefanyiwa kazi ubaoni. Yamkini mtu atasema kwamba Kenya imechagua Kiingereza kwa hesabu. Hatulibishi hilo hapa. Tunalodai kwa watungaji wa vitabu vya Kiswahili ni dogo: kando ya kila jina la umbo iwekwe sentensi moja ya kutafuta eneo lake. Hapo ndipo tutakapojua ni istilahi zipi zinazoweza kazi, na zipi zilizobaki kuwa majina tu.