Jina la Bilha

Kitabu tunachotaka kukipima leo si kitabu cha ibada. Aliyekiandika ni Margaret Atwood, mwanamke wa Kanada, katika mwaka 1985. Kwa Kifaransa kilitoka 1987, kwa jina la *La Servante écarlate*. Kinasimulia juu ya inchi ya kubuniwa, Gilead, iliyosimama pahali pa Marekani kisha wakubwa wa serkali kuuawa. Humo watoto wamekuwa haba. Wanawake wanaoweza kuzaa bado wanakamatwa, wanavikwa kanzu nyekundu, wanagawanywa katika nyumba za wakubwa ili wazalie mabibi wa nyumba hizo.

Mseminari ana kazi gani na kitabu cha namna hii? Ni kwamba Gilead inatawala kwa Biblia. Mkubwa wa nyumba anaikusanya jamaa yake, anaitoa Biblia katika sanduku lenye kufuli, anasoma habari za Raheli na Bilha katika sura ya 30 ya kitabu cha Mwanzo. Wanawake wanasikia tu, kusoma wamekatazwa. Tena mtu asifikiri kwamba Kanisa letu ndilo linalopigwa hapa: padri ametundikwa ukutani akiwa na kanzu yake, na masista wanateswa ili wazikane nadhiri zao.

Mwanamke anayesimulia anaitwa Defred, maana yake «wa Fred», yule bwana wa nyumba. Akiondolewa, mwingine atavaa jina lile lile. Jina lake la kweli analishika moyoni, wala msomaji haambiwi waziwazi.

Hapo tunapenda kukawia. Bilha hasemi hata neno moja katika Maandiko. Labani anampa Raheli, Raheli anampa Yakobo. Anazaa Dani na Naftali, na anayewapa majina si yeye, ni Raheli. Huzuni ya mambo hayo hatutaki kuifunika kwa mahubiri mazuri. Lakini angalieni sura ya 35, tena sura ya 46: wana wale wanahesabiwa kuwa wana wa Bilha. Mwandishi mtakatifu hakusema «mtumishi wa Raheli» tu, alilitunza jina. Basi wakubwa wa Gilead, wanaosoma sura moja na kuifunga nyingine katika sanduku, wamelifuta hata lile ambalo Mwanzo hakulifuta. Mwenye kufundisha dini aogope kusoma kwa namna hiyo.

Feza nazo zilitangulia. Kabla ya kanzu nyekundu, siku moja tu wanawake wote walifukuzwa kazini, na mali yao ikawekwa chini ya waume. Wengine watasema hayo ni ndoto za Wazungu. Kumbe mwaka ule ule wa 1987 Zaire ilitoa Sheria ya Jamaa, na kifungu cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la sheria linalomfunga yeye mwenyewe. Miaka karibu 30 ilipita. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoiondoa ruhusa ile na kuweka mapatano ya wote wawili. Ni wangapi katika milima ya Bijombo waliosikia?

Tusichanganye mambo. Huku kwetu mwanamke akizaa anaitwa mama wa fulani, na mume wake baba wa fulani. Hiyo ni heshima ya wote wawili, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Jambo lingine ni «bibi ya fulani» kwenye karatasi. Tumepata kufungua kitabu cha ubatizo ambamo jina la baba limeandikwa lote, na penye jina la mama pamewekwa «bibi yake». Kanuni ya 877 inataka majina ya wazazi, si ya mmoja. Katika milima hii, ambako vita vya miaka hii vimechoma nyumba pamoja na karatasi zilizokuwamo, mstari ule wa parokia pengine ndio ushuhuda wa pekee uliobaki.

Kitabu kina upungufu, na kwa msomaji Mwafrika si mdogo. Watu weusi, wanaoitwa humo wana wa Hamu, wanahamishwa kwa nguvu, na habari hiyo inapita kwa maneno machache ya televisheni. Mwandishi aliyejua kulilia jina moja angeweza kukaa kidogo na hao pia.

Lakini kurasa za mwisho zina nguvu kuliko zote. Ni mwaka 2195, Gilead imekwisha kufa, na wataalamu wamekusanyika juu ya kanda 30 hivi zenye sauti ya Defred. Profesa anafanya mzaha, watu wanacheka. Anatafuta kwa bidii yule Fred alikuwa nani, anapata wakubwa wawili wanaoweza kuwa yeye, anasikitika kwamba hana kurasa 20 za maandiko ya bwana yule. Jina la mwanamke halipati, naye anapita haraka. Si mtu mbaya, ni mtu wa masomo, kama sisi. Tulipofika hapo tuliurudia mstari ule wa kitabu cha ubatizo, tukauliza kama mama yule angali hai, apate kututajia jina lake.