Tundu Kwanza

Fundi wa majahazi pale Matondoni, kisiwani Lamu, akishika keke, ile drili ya mkono, hana haraka. Mkono mmoja unagandamiza jivu, yaani kishikio cha juu. Wa pili unavuta na kusukuma uta, na ugwe unaugeuza msukano, mti ulioshika ncha, huku na huku. Unga wa mbao unatoka kidogo kidogo.

Ninachokipenda zaidi ni pale anaposita. Katikati ya mbao huinua keke, akapuliza unga, akatia jicho tunduni, ndipo akaendelea. Kiganja kimempa habari: pengine amegusa kifundo, pengine ncha inakwenda upande. Drili ya umeme ina nguvu, siikatai, lakini kishindo chake huimeza habari hiyo. Tundu limekwisha kabla fundi hajajua limeelekea wapi.

Msumari wa jahazi haupigwi mbao ikiwa nzima. Hutangulia tundu jembamba kuliko msumari, kisha msumari huviringishwa pamba iliyolowekwa mafuta ili maji yasipite. Wazee wa mitepe, zile mashua za kushonwa, hata msumari hawakuuhitaji: walitoboa, wakashona mbao kwa kamba za makumbi, wakaziba matundu kwa vijiti. Mabaharia wa Kigiriki walizijua mashua za kushonwa za pwani hii tangu karne ya 1.

Leo mjini skrubu nyeusi za jipsam zinasokomezwa kwenye mvule na mninga bila tundu lolote. Mbao inapasuka, au skrubu inakatika kichwa, kwani chuma chake ni kigumu lakini hakipindi. Ufa unajazwa gundi na vumbi, vanishi inapita juu, na mteja anaambiwa mbao za siku hizi ni mbovu. Inaniuma kuona mti wa miaka mingi ukiharibiwa kwa kunyimwa nusu dakika.

Na ujuzi wenyewe haufichwi. Ncha ya drili ilingane na kiini cha skrubu, si na meno yake. Ubao wa juu upate tundu pana kidogo, meno yaushike wa chini tu. Skrubu ipakwe sabuni. Ya shaba, inayostahimili hewa ya chumvi, ni laini. Itanguliwe na ya chuma, itolewe, ndipo yenyewe iingie.

Basi wewe unayeagiza mlango au kabati, usishindanie bei peke yake. Mwambie fundi atoboe kwanza, na umlipe muda huo.