Gesi Haiishi

Friji ikiacha kugandisha, jirani atasema gesi imeisha, na wapo mafundi watakaokubaliana naye huku wameshashika mtungi. Lakini gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka tu. Kompresa huikandamiza, mabomba ya nyuma huitoa joto mpaka inakuwa majimaji, kisha kapilari, bomba ambalo tundu lake aghalabu halifiki milimita 1, huiachia kidogo kidogo kwenye friza. Huko huchemka na kubeba joto la chakula: R-134a, kwa mfano, katika kanieneo ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Mzunguko wote umechomelewa. Gesi ikipungua, ipo sehemu inapotokea.

Kwa hiyo fundi hodari hakimbilii kukata bomba. Huuliza kwanza: umeme ulikuwa unapanda na kushuka? Nani alichokonoa barafu kwa kisu? (Visu vya jikoni vimeua friji nyingi mno, alumini ya friza ni laini.) Hugusa mabomba ya nyuma kama yana joto. Kompresa ikinguruma, ikalia "tak" na kunyamaza, huenda gesi haina kosa lolote. Hupima rilei, kisha pini 3 za kompresa. Kompresa ikiwa nzima, kipimo kikubwa cha ukinzani kati ya pini hizo hulingana na jumla ya vile viwili vingine. Hesabu ndogo ya kupendeza, nayo huokoa kompresa nyingi zisitupwe bure.

Barafu nayo husema. Ikishika mwanzo wa friza tu, sehemu nyingine ikabaki kavu, gesi ni pungufu. Friji ikigandisha vizuri, ikaacha, kisha ikapona baada ya kuzimwa kwa muda, kuna unyevu ndani: tone dogo la maji huganda kwenye mdomo wa kapilari na kuziba njia. Hapo kuongeza gesi hakusaidii kitu. Filta hubadilishwa, na pampu ya vakyumu huachwa ivute mpaka unyevu utoke.

Friji mpya zenye R-600a zimeifanya kazi hii iwe ngumu zaidi, na nzuri zaidi. Gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo hakuna kuwasha gesi ya kuchomelea kabla R-600a haijatolewa yote na mabomba kusafishwa kwa naitrojeni. Kompresa ikiwa inafanya kazi, upande wa friza huwa na kanieneo ndogo kuliko ya hewa ya nje. Penye tundu, friji hunyonya hewa badala ya kutoa povu kwenye sabuni iliyopakwa bombani. Fundi huzima, hujaza naitrojeni, ndipo hutafuta. Oksijeni kamwe: ikikutana na oili ya kompresa hulipuka.

R-134a yenyewe inapunguzwa duniani kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa kuwa huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Anayejaza bila kuziba anaimwaga angani, na mteja ndiye anayelipa.

Kutafuta tundu huchukua saa nyingi, na wateja wengi hulipia gesi, hawalipii saa hizo. Wangeuliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: tundu lilikuwa wapi, na gesi iliyopimwa kwenye mizani ilikuwa gramu ngapi, ikilinganishwa na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji.