Kukagua, Kuhakiki na Kusahihisha: Tahadhari kwa Wafasiri wa Miongozo ya Kompyuta

Siku hizi wafasiri wanaletewa kazi ya namna mpya, nayo ni miongozo ya zana za kompyuta ambayo msomaji wake wa kwanza si mtu bali ni wakala wa akili unde, yaani programu iliyokabidhiwa shughuli na kuitekeleza yenyewe hatua kwa hatua. Miongozo ya zana za kukagua mafaili ni ya aina hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro inayoinyemelea katika Kiswahili haitokani na uhaba wa istilahi, bali na tabia ya kulitwika neno moja kazi tatu.

Tuanze na neno lenyewe wakala. Huenda mfasiri akavutiwa na maneno ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hadi Ujiji: mpagazi, kirangozi, mnyapara. Hayafai. Mpagazi alibeba mzigo, kirangozi alitangulia msafara, mnyapara aliwasimamia watu, na hata leo gerezani nyapara ni msimamizi wa wenzake. Hata hivyo njia hiyo ina funzo. Katika karne ya 19 biashara ya Tabora ilitegemea sana mali ya mkopo kutoka Unguja, na baadhi ya waliokaa huko walikuwa mawakala wa matajiri wa pwani. Aliye mbali kwa mwendo wa miezi hawezi kuuliza kila jambo, hufuata agizo. Wala wakala hana mamlaka zaidi ya yale aliyopewa. Neno wakala, basi, libaki, na mfasiri atambue kwamba mwongozo anaoufasiri ndio agizo lenyewe.

Sasa tutazame vitenzi. Mwalimu husema, “Nasahihisha madaftari,” akiwa na maana ya kuyasoma na kutia alama. Mhariri husema, “Nasahihisha makala,” akiwa na maana ya kuyabadili. Mtu husaidiwa na mazingira kuelewa. Wakala hana budi kuchagua maana, na huenda akachagua ile ya pili. Tuchukue mfano wa faili la watumishi lenye tarehe ya kuzaliwa 31 Aprili. Wakala aliyeagizwa kukagua atatoa taarifa kwamba tarehe hiyo haipo. Aliyeagizwa kusahihisha aweza kuandika 30 Aprili, na hakuna atakayejua tena kwamba karani alipindua tarakimu za 13. Faili litaonekana safi, na mtumishi atastaafu siku isiyo yake.

Kuhakiki nako ni jambo jingine. Watumishi wa umma wanakumbuka uhakiki wa vyeti, ambapo mwaka 2017 watumishi 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi. Cheti cha kughushi chaweza kuwa na mhuri, namba na sahihi, kila kitu mahali pake. Ubovu wake hujulikana kinapolinganishwa na kumbukumbu za asili. Kwa hiyo tunapendekeza: kukagua ni kutazama umbo la faili na kutoa taarifa bila kuligusa, kuhakiki ni kulilinganisha na asili yake, kusahihisha ni kulibadili. Yasemwa kwamba yatosha kuandika “sahihisha bila kubadili”. Lakini neno linalohitaji uzio kila litumikapo si istilahi, na siku uzio utakaposahaulika hasara itakuwa imekwisha ingia.

Neno kufaulu nalo lina mtego wake. Programu iitwayo file, iliyoanza katika mfumo wa Unix mwaka 1973, hutambua aina ya faili, aghalabu kwa kusoma yaliyomo badala ya kuamini jina lake. Kwa kawaida, ikiagizwa kutazama faili lisilokuwapo, huandika kwamba haikuweza kulifungua, na bado hurudisha sifuri, alama ya kwamba kazi yake imekwisha salama. Mfasiri akiandika tu “sifuri maana yake imefaulu”, wakala ataelewa kwamba faili lipo na ni zima. Kilichofaulu ni nini, zana au faili? Yafaa kuandika “ukaguzi umekamilika” kwa zana, na “faili halina kasoro” kwa faili.

Walimu na makarani wa masjala hawana sababu ya kudhani kwamba haya ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Anayejua tofauti ya kusoma jalada, kulilinganisha na kulibadili tayari anayo maarifa yanayotakiwa. Kinachobaki ni kuyaandika maarifa hayo kwa vitenzi vitatu, na kutokubali kimoja kikalie kiti cha mwenzake.