Miti ya Wagenia si amoniaki

Wandugu, kufundisha maumbo ya molekuli kwa vitu vya kila siku ni kuzuri. Hapa Kisangani mfano uko tayari: miti mitatu ya Wagenia kule kwenye maporomoko, imefungwa pamoja juu. Azoti iko juu, idrojeni tatu miguuni: amoniaki. Mwanafunzi anashika mara moja.

Lakini mfano huo unadanganya. Pembe kati ya idrojeni za amoniaki ni karibu digrii 107. Mvuvi akipanua miti yake hivyo, yote italala majini. Hilo nasamehe. Kibaya zaidi, miti inasimama vile kwa sababu mtu ameifunga. Amoniaki ilifungwa na nani? Azoti iko na elektroni mbili zisizoungana na kitu, na hizo ndizo zinasukuma idrojeni upande wa chini. Kwenye miti hazionekani kabisa.

Mimi nachagua baluni. Funga nne shingoni, zitaachana zenyewe. Tatu ni idrojeni, ya nne ni zile elektroni. Hapo mwanafunzi anaona juu ya nini, si jina tu.

Na kwetu wa agronomia, ile baluni ya nne ni kazi. Urea ikimwagwa juu ya udongo inageuka amoniaki na kuruka hewani. Ukiifukia penye unyevu, elektroni hizo mbili zinanyang'anya maji idrojeni moja, inakuwa amoniumu, udongo unaishika. Lakini watu wanaandika "piramidi" kwenye mtihani, wanapata pointi zao, halafu shambani wanamwaga urea juu juu tu, saa sita, jua kali.