Kitabu Kikigeuzwa kuwa Filme

Watu wakitoka sinema, mara nyingi twasikia neno hili: «Filme ni mbaya, maana waliacha mambo mengi ya kitabu.» Sababu hiyo haitoshi. Filme yaweza kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kumbe roho ya kitabu haimo. Tutazame mfano mmoja ambao mapadri na mafratri wafaa kuujua.

Mwaka wa 1936 Georges Bernanos, Mkatoliki wa Ufaransa, alitoa kitabu «Journal d'un curé de campagne». Ni daftari la paroko kijana wa kijiji cha Ambricourt. Tumbo lamwuma, nguvu hana, waamini hawampendi. Naye anaandika mambo ya moyo wake. Ugumu waonekana mara moja: matendo ni machache, vita yenyewe iko rohoni. Kamera huona uso na mikono; neema je, itaionaje?

Jean Aurenche alijaribu kwanza kuandaa maneno ya filme. Yeye na mwenzake Pierre Bost walikuwa na kanuni yao: jambo la kitabu lisiloweza kuonyeshwa, libadilishwe kwa jingine la kubuni lenye uzito sawa. Basi akatunga tendo lisilomo kitabuni: msichana Chantal anaitema Ostia takatifu. Kwa macho ni jambo kubwa. Kwa kitabu ni jambo geni. Bernanos akaikataa kazi hiyo. Mwaka wa 1954 François Truffaut aliilaumu kanuni ile kwa ukali, naye alikuwa na haki: waliona kwamba sinema haiwezi, kumbe wao ndio hawakutafuta.

Bernanos alifariki mwaka wa 1948. Robert Bresson akatoa filme yake mwaka wa 1951. Huyu hakuongeza, alipunguza. Twaona mkono ukiandika daftarini, twasikia sauti ya paroko ikisoma, halafu tendo lafuata. Claude Laydu, anayecheza paroko, hapigi kelele wala hatupi mikono. Bibi mkubwa wa kijiji alifiwa na mwanawe mdogo, na tangu siku ile amemfungia Mungu moyo wake. Paroko asema naye chumbani. Nje twasikia mtu akikusanya majani kwa reki. Bibi atupa motoni medali ya mtoto. Paroko atia mkono ndani ya moto kuitoa. Ni hayo tu, lakini twajua ya kwamba moyo umefunguka. Na mwishoni hatuonyeshwi maiti ya paroko: msalaba peke yake, na sauti isomayo barua ya kifo chake. Yasiyoonekana yameachwa bila kuonekana. Ndiyo sababu twayasadiki.

Je, vitabu vya masanamu? Mtu angesema ni rahisi zaidi, maana sanamu zimo tayari. Sivyo. Hergé, Mbelgiji, alianza kuchora Tintin mwaka wa 1929. Uso wa Tintin ni duara na nukta mbili za macho. Kila mtoto hujitia mwenyewe humo. Mwaka wa 1961 walitengeneza filme kwa watu wa kweli, Jean-Pierre Talbot akiwa Tintin. Nywele ni zile, mbwa yupo, lakini uso umekwisha kupata mwenyewe. Mtoto hana tena nafasi. Mwaka wa 2011 Steven Spielberg aliunganisha hadithi za vitabu vitatu katika filme moja ya ufundi mkubwa. Lakini kati ya sanamu moja na nyingine msomaji wa Hergé hupumzika na kuwaza. Filme ile yakimbia, haimwachi apumue.

Basi kanuni ni hii: kabla ya kuuliza «Tutaonyesha nini?», tuulize «Kitabu hiki chafanya nini moyoni mwa msomaji?» Halafu tutafute njia ya kufanya vile vile.

Jambo hili latuhusu sisi. Katekista anayeandaa mchezo wa Mateso ya Bwana anageuza kitabu kama Bresson. Mara ngapi Herode hupewa vichekesho na Yuda makelele, watu wakarudi nyumbani wakimsifu Herode! Yesu mbele ya Herode hakujibu neno. Anayeweza kuuonyesha unyamavu ule, na watu wote wakanyamaza, ameisoma Injili vema.