Kisiwa Kilicho Chini ya Daraja: Kumsoma Jussi Adler-Olsen

Kama ulimjulia Carl Morck kwenye Netflix, kwa ile Dept. Q ya Mei 2025, unaweza kudhani hii ni stori ya Edinburgh. Mvua, majengo ya mawe, Matthew Goode na hasira zake. Stori yenyewe ni ya Copenhagen, na Jussi Adler-Olsen amekuwa akiiandika tangu 2007. Netflix walichukua kitabu cha kwanza, wakahamisha jiji, wakabadilisha hata jina la Assad. Kipindi ni kitamu, sibishi. Ila kuna kitu hakikuweza kuhamia Skotlandi, na ndicho kinachonirudisha kwenye vitabu: huyu mzee anaijua Denmaki kutoka ndani ya ua wa hospitali za wagonjwa wa akili.

Alizaliwa 1950. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na familia iliishi palepale hospitalini, kwa hivyo watoto walikua wakiwaona wagonjwa kama majirani. Adler-Olsen amesimulia mara nyingi kuhusu mgonjwa mmoja aliyemzoea sana akiwa mdogo, mtu mpole aliyekuwa amemuua mkewe. Aliitwa Mørck. Sasa angalia jina kamili la mwandishi: Carl Valdemar Jussi Henry Adler-Olsen. Carl wake, Mørck wa muuaji. Mpelelezi ni hao wawili ndani ya koti moja. Na hata riwaya yake ya kwanza, Alfabethuset ya 1997, inawaficha marubani wawili Waingereza ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hospitali haikumtoka.

Umaarufu ulikuja na Kvinden i buret, yaani mwanamke aliye kizimbani, kile cha 2007. Wanasiasa wanatoa mamilioni ili polisi wafufue kesi zilizokwama. Wakubwa wanazionea pesa tamaa, wanamtupa Carl besimenti na kibao mlangoni, halafu hela nyingi zinabaki ghorofa za juu. Carl ametoka kupigwa risasi. Mwenzake mmoja amekufa, na mwingine, Hardy, amepooza. Akigundua mchezo wa bajeti, hamshtaki mtu. Anaitisha gari na msaidizi. Nilicheka kwa sauti. Hiyo ni Denmaki ileile tunayoiona kileleni kila orodha ya nchi zisizo na ufisadi ikitolewa.

Lakini tuseme ukweli, wahalifu wake wengi ni wa kutisha tu. Yule mwanasiasa Merete Lynggaard anafungiwa ndani ya tangi la chuma na shinikizo la hewa linaongezwa mwaka baada ya mwaka. Kwenye Fasandræberne, kitabu cha pili, matajiri waliosoma shule moja ya bweni wanawawinda watu kwa raha zao. Unafungua kurasa haraka, moyo unadunda, na wiki ijayo umesahau. Mtu akiwa mbaya kwa sababu ni mbaya, hakuna cha kupeleleza. Unasubiri tu ashikwe.

Halafu unafika Journal 64, cha 2010, na mambo yanageuka.

Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Sprogø, katikati ya mlango-bahari wa Storebælt. Kuanzia 1923 hadi 1961 serikali ilifungia huko wanawake ambao madaktari waliwaita wapungufu wa akili na wapotovu wa maadili. Wapotovu kivipi? Wengi walikuwa wasichana maskini tu, waliozaa nje ya ndoa au waliosemekana kupenda wanaume kupita kiasi. Karibu wanawake 500 walipitia pale, na wengi hawakuachiwa hadi wakubali kufungwa kizazi. Yote yalifanywa kwa mihuri, kwa sahihi za wataalamu, na kwa sheria iliyopitishwa 1929. Leo daraja kubwa linalounganisha mashariki na magharibi ya nchi linakanyaga kisiwa hichohicho. Watu wanapita kwa gari kwenda kuwaona wazazi wao wikendi.

Nete Hermansen, mhusika mkuu, aliwahi kuwa mmoja wa wanawake wa Sprogø. Mwaka wa 1987 anawaalika kwake, mmoja mmoja, watu waliomharibia maisha. Chai iko tayari. Na aliyemtesa kuliko wote, daktari Curt Wad, bado yuko hai mwaka wa 2010, anaheshimika, na anaongoza chama kinachotaka kuingia bungeni na mawazo yaleyale. Hapa mwandishi hahitaji tangi la chuma. Fomu na kalamu zinatosha, na zinaogofya zaidi. Carl anapekua mafaili akijua kwamba hakuna aliyevunja sheria siku ile Nete alipopelekwa kisiwani. Wadenmaki wenyewe walikipa kitabu hiki De Gyldne Laurbær, tuzo inayotolewa na wauzaji wa vitabu.

Ukidhani hayo yaliisha 1961, subiri. Miaka mitano tu baadaye, 1966, madaktari wa Denmaki walianza kuwawekea wanawake na wasichana wa Greenland koili za kuzuia mimba, maelfu yao, wengi bila kuulizwa. Waziri Mkuu Mette Frederiksen aliomba radhi 2025. Riwaya haigusi Greenland, ila ukiisoma sasa huwezi kuacha kuifikiria.

Kwa hivyo inaniuma kwamba mtu anayeona vizuri hivyo anamwona Assad kwa jicho moja. Kwa miaka mingi Assad ni chai yenye sukari nyingi, vichekesho vya ngamia, na misemo ya Kidenmaki iliyopinda. Ni mjanja kuliko Carl, kila msomaji anajua, lakini anaingia chumbani kwanza kama kichekesho. Maumivu yake tunapewa kikamilifu kwenye Offer 2117, kitabu cha nane, 2019, kinachoanza na maiti ya mwanamke mkimbizi kwenye ufuo wa Cyprus, nambari yake kwenye hesabu ya waliozama mwaka huo. Ni kitabu kizuri. Lakini vitabu saba vya kungoja, jameni?

Na Marco Effekten, cha 2012, kinaanza Kamerun. Louis Fon amegundua kwamba msaada wa Denmaki uliokusudiwa jamii ya Wabaka unaliwa, na anauawa msituni. Akiwa anakata roho anaandika ujumbe kwenye simu. Unafika Copenhagen ukiwa herufi zilizovurugika, na maofisa wanahangaika kuusoma. Ukifumbuliwa unasema kuna ufisadi kwenye pesa za msaada. Kuanzia hapo kitabu ni cha Copenhagen, cha mvulana Marco anayekimbizwa mitaani, na kinakimbia vizuri kweli. Kuwahusu Wabaka wenyewe, baada ya ujumbe ule, hatusikii tena mengi.